Maktaba Haikupatikana

Kitinda alikuwa ameshaota mvi, lakini kwa dada yake alibaki kitindamimba, na jina hilo lilimganda hata kazini, alikoandika programu za kompyuta. Dada huyo, nesi mstaafu aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa anapoteza nuru ya macho. Kwa mtu aliyetafuna riwaya kama karanga, huo ulikuwa msiba.

Basi Kitinda na wenzake wawili wakaandika programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Waliitoa bure, ila waliitoa ikiwa msimbo mtupu: maandishi ambayo kompyuta ya mtumiaji ndiyo iyageuze kuwa programu, baada ya mwenyewe kuielekeza kwa amri ndefu ndefu. Kwa wao watatu, hilo lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Kitinda akamtumia dada maelekezo, akamhakikishia kuwa ni rahisi. Kila alipopiga simu kuuliza, aliambiwa mambo yanakwenda vizuri.

Alipokwenda kumtembelea, alikuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake pana chombo cha maua.

"Shikamoo, dada. Mbona mashine imefunikwa?"

"Marahaba. Imelala."

Akambembeleza mpaka akakubali kumwonyesha alivyofanya. Kitinda akaketi nyuma yake, akajiapiza kutotia neno. Dada alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akachapa kwa kidole kimoja, akakosea, akafuta, akaanza upya. Mwishowe mistari ikamiminika, kisha ikagota: maktaba haikupatikana.

"Hapo ndipo ninapokwama," dada akasema. "Nami nikaamini, maana maktaba ya hapa mtaani ilishafungwa. Nikashangaa tu nani kaiambia."

Kitinda alicheka hadi akashika mbavu, na dada akacheka naye bila kujua sababu. Alipoelezwa kwamba maktaba ya waandishi wa programu ni kifurushi cha msimbo ambacho programu nyingine huazima, kicheko kikamwisha. Akakunja mikono mapajani.

"Nilidhani akili nazo zinanitoka pamoja na macho," akasema polepole. "Ndiyo maana sikukwambia."

Maneno hayo yalimchoma Kitinda. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma, akirudia silabi ileile bila kumgombeza, na yeye alimwachia mlima akamwambia ni kichuguu.

Akamwekea programu palepale. Dada akasikiliza ukurasa mmoja, akafurahi, kisha akaulizia jirani yake, fundi cherehani mzee ambaye naye macho yalimfifia. "Mimi umeniwekea wewe. Yeye atawekewa na nani? Hana kitinda."

Kazini, Kitinda alipopendekeza programu ijiweke yenyewe, mwenzake mmoja alishikilia kwamba watumiaji wajifunze, hawawezi kutafuniwa kila kitu. Kitinda hakubishana. Aliwasimulia tu jinsi dada alivyokunja mikono, na kazi ikaanza. Ikawa ngumu kuliko programu yenyewe, kwani kila kompyuta ilikuwa na vituko vyake. Lakini hatimaye programu ikaweza kujua kilichopungua, kukileta na kujiunda yenyewe. Mtu alibonyeza mahali pamoja, akaulizwa swali moja tu: nikusomee haraka au polepole? Na kitu kikikosekana, ilisema: "Kuna kitu nakitafuta, subiri kidogo. Si kosa lako." Mwenzake alitaka kuyafuta maneno ya mwisho, akisema hayana kazi. Kitinda akakataa katakata.

Mchana mmoja simu yake ikaita. Hakusikia salamu. Alisikia sauti ya mashine ikisoma riwaya, na wazee wawili wakibishana kama yule binti ataolewa au atamkimbia mchumba. Akafunga mlango wa ofisi, akailaza simu mezani, akasikiliza mpaka sura ikaisha.

"Umesikia?" dada akauliza. "Nimemwekea mwenyewe."

"Nimesikia, dada."

"Haya, rudi kazini. Sisi tunaendelea."