Waimbe Kwanza

Nimefungua kopo la biskuti la bibi, harufu ya udi ikanijaa puani, na mara nimerudi utotoni, kwetu Ruwi, mjini Muscat, mbele ya redio ya kaseti mbili.

Kaka yangu alikuwa ameazima albamu ya kwanza ya bendi moja ya Kizungu, vinanda vya umeme na ngoma zinazogonga kama cherehani. Nyimbo zake nyingine hakuna aliyezijali, lakini moja ilipigwa kwenye kila gari Muscat nzima. Kanda ilitakiwa irudi kwa mwenyewe jioni ileile. Nikachukua kanda isiyoandikwa kitu ndani ya kopo hili, nikairikodi humo nyimbo ile niliyoipenda.

Kumbe ile ilikuwa barua. Ndugu zetu wa Unguja walikuwa wakituletea salamu kwa kanda, na hiyo ilikuwa sauti ya dada yake bibi, aliyekwisha kufariki.

Alasiri bibi alipoiweka, wakatoka Wazungu. Nikaangua kilio. Akanipakata, akaisikiliza nyimbo mpaka mwisho, kidole chake kikigonga goti langu. Kisha dada yake akaibuka katikati ya maneno, anacheka.

"Nyamaza, mjukuu wangu," akasema bibi. "Maneno yake nnayo yote moyoni. Nyimbo yako ndiyo sikuwa nayo."

Tangu hapo, kila alipoiweka, nilinyoosha mkono niipeleke mbele, naye akanishika.

"Iache. Waimbe kwanza."

Leo nimeiweka mwenyewe. Nimekaa, nimewaacha waimbe.