Gauni Lililompunguza Skola

Wako watakaosema nimechanganyikiwa kwa msiba, na siwalaumu. Lakini wewe nisikilize mpaka mwisho, halafu useme utakalo. Sinywi pombe, si mtu wa kuota ota, na habari za mizimu nilikuwa nazisikia kwa watu tu, kama unavyozisikia wewe. Haya niliyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono hii, hapa hapa Sumbawanga, kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Malangali.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu kubwa ni magauni ya harusi, hasa yale ya zamani yanayokuja na mitumba. Nayanunua, nayarekebisha, nayakodisha kwa mabibi harusi. Utauliza, kwa nini ya zamani, na mapya yamejaa madukani? Ligeuze gauni la siku hizi ndani nje uone. Gundi tupu, nyuzi zinaning'inia, shanga ukizifua mara moja zinabaki kwenye beseni. La zamani, nakwambia, mtu alikaa chini akalishona. Ndani kwake kuzuri kama nje. Kiuno kimewekewa vipande vya kukishikilia, hata likitundikwa tupu utadhani mtu yumo. Wasichana wa hapa wanalijua hilo bila kufundishwa. Wakiingia kibandani wanayapita mapya yote, mkono unakwenda wenyewe kwenye la zamani.

Mdogo wangu Skolastika, tuliyemwita Skola, ndiye aliyelipata lile. Alikuwa mchumba wa Deo, kijana mkulima wa Kasense, na ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Siku ya mnada muuza mitumba alifungua balo mbele yake, na gauni likatoka katikati ya makoti ya baridi. Akaja nalo mbio, amelikumbatia.

"Dada, usiseme kitu. Liguse kwanza."

Nikaligusa. Satini nzito ya rangi ya maziwa, mikono mirefu, na mgongoni vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa kile kile, kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno. Vyote vimeshonwa kwa mkono. Nembo haikuwapo, si ya duka wala ya kiwanda. Katika ufundi wangu wote sikuwa nimeshika kitu cha namna ile. Niamini, nilimwonea wivu fundi aliyelishona, popote alipo.

Skola akalivaa pale pale, nyuma ya pazia. Alikuwa msichana mwenye mwili, wa kujitwisha debe la ulezi bila kusaidiwa, na vifungo havikufika. Lakini hata likiwa wazi mgongoni, alipogeuka kujitazama kwenye kioo, mimi na marafiki zake waliomfuata tulisogea kumtazama. Rafiki yake mmoja akampiga picha kwa simu. Nikamwambia aliache, nitaachia mishono ya ubavuni, nafasi ipo.

Sasa sikiliza.

Kesho yake jioni mvua ilikuwa inanyesha na umeme umekatika. Nilikuwa na taa ya kuchaji mezani, gauni nimelitundika mbele yangu, nimeshika mkasi mdogo wa kufumulia. Akaingia mama mmoja. Koti refu la kizamani, limefungwa mpaka kidevuni, nywele zimechanwa vizuri. Alinukia vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo kwenye masanduku ya nguo.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Hakuitikia. Umewahi kuona mtu mzima wa huku akanyamazia shikamoo? Alilitazama gauni tu, akanyoosha kidole akavipitia vile vifungo kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayesali rozari.

"Usiliachie mishono, fundi."

"Halimtoshi mwenyewe, mama."

"Atapungua."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayekwambia mvua itakatika. Kisha akavua koti. Ndani alivaa gauni la kawaida, la mshono wa zamani, na lilimkaa! Kifua kimejaa, kiuno kimeingia, nyonga zimechongwa. Nikasema moyoni, huyu alipokuwa msichana alitesa watu.

"Nipime," akasema.

Kupima watu ndiyo kazi yangu, basi nikachukua futi, nikamzungushia kiunoni, nikavuta ili ishike mwili. Haikushika. Nikavuta tena. Kitambaa kikaingia ndani, kikazidi kuingia, na futi ikaendelea kubana mpaka vidole vyangu vya mkono huu vikagusana na vya mkono huu. Unanielewa? Katikati hapakuwa na kitu. Nguo imejaa, imesimama, halafu ndani hakuna mtu.

Nikainua macho. Uso wake ulikuwa pale, karibu kabisa na wangu. Haukuwa uso wa kutisha. Ulikuwa umechoka.

"Umefika mwisho?" akaniuliza.

Nikarudi nyuma hatua moja, futi bado mikononi.

"Mimi nililipenda hivyo hivyo," akasema. "Halimlazimishi mtu."

Akaitoa futi mikononi mwangu, akaikunja, akaiweka mezani. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akatoka kwenye mvua. Jirani yangu, anayekaanga chipsi mlango wa pili, akachungulia ndani akitabasamu.

"Dada, yule mama aliyependeza vile ni nani? Ni wa hapa mjini?"

Kwa hiyo usiniambie niliota. Naye alimwona, tena akamsifia.

Nilifunga kibanda nikakimbilia nyumbani, nikamweleza Skola kila kitu. Akacheka. "Kama nitapungua, si ndiyo vizuri? Umepunguziwa kazi." Mama yetu alijifanya ananikemea nisilete mambo ya kishirikina ndani ya nyumba, lakini nilimwona akifanya ishara ya msalaba.

Muda si mrefu gauni likamwingia Skola bila mimi kugusa uzi hata mmoja. Vifungo vikafika, vyote. Lilimkaa kama amezaliwa nalo. Mashoga zake walikuja nyumbani kumwona, wakapiga vigelegele, picha zikazidi. Mimi peke yangu nilikuwa natazama mikono yake. Kwenye vifundo mifupa ilishaanza kutokeza.

Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Akiwa amevaa khanga, unaona mtu anayeisha: shingo imekuwa nyembamba, mabega yamechongoka, magoti makubwa kuliko mapaja. Akivaa gauni, amejaa. Kifua kipo, kiuno kipo, nyonga zipo. Kila alipodhoofika alizidi kulitaka, maana ndani ya lile gauni tu ndimo alimokuwa bado Skola.

Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya kifua, wakasema hawaoni ugonjwa. Wakatuambia ale vizuri. Alikula! Ugali, maharage, samaki wa ziwani ambao Deo alimletea kutoka Kipili, alikula vyote, na hakuna kilichokaa mwilini. Padri alikuja akampaka mafuta. Deo alipiga magoti mbele ya kitanda.

"Skola, tufunge ndoa hata kesho. Vaa kitenge. Vaa chochote. Mimi sijali."

"Wewe hujaniona nikiwa ndani yake," Skola akamjibu. "Ukiniona utasahau haya yote."

Niliwahi kulichukua nikalirudishe kwa muuza mitumba. Alilishika kidogo, akalirudisha mikononi mwangu haraka, akasema balo likishafunguliwa halirudi. Basi nikalipeleka nyuma ya nyumba, nikalimwagia mafuta ya taa. Nilikuwa nimeshawasha kiberiti, wallahi, ingawa mimi ni Mkristo ninakuapia hivyo. Skola, ambaye kwa siku nyingi hakuwa anainuka bila kushikwa, alitoka mwenyewe kwa miguu yake. Akaja akakaa chini kwenye udongo, akalishika pindo.

"Dada, ukilichoma, tuchome sote wawili."

Kiberiti kikaisha vidoleni mwangu. Mama alisimama mlangoni analia, akasema, "Mwachie. Mwachie tu, mwanangu." Nikamwachia. Nililifua mpaka harufu ya mafuta ikatoka, nikalipiga pasi, nikampa. Niambie, wewe ungefanyaje?

Alifariki wakati wa baridi, ule upepo wa Ufipa unaopita chini ya milango. Alikuwa ameomba azikwe nalo, na mama akasema neno la marehemu halivunjwi. Mimi na shangazi ndio tuliomvalisha. Tulimwinua bila shida yoyote, alikuwa mwepesi kuliko nguo. Nilidhani gauni litammeza. Likajaa. Nilipofunga kifungo cha mwisho na kumlaza jenezani, alikuwa bibi harusi kamili, mrembo kuliko siku zote, na shangazi akaacha kulia akabaki anamtazama. Nikaweka kiganja changu tumboni kwake, taratibu. Kikazama. Kikazama mpaka kikagusa ubao wa jeneza.

Sikumwambia mtu. Nilimfunika nikawaita wanaume.

Deo hajaoa mpaka leo. Analima, anauza mahindi, ukimsalimia anaitikia, basi. Mama hakumaliza mwaka. Mimi kazi ya magauni niliiacha, nashona sare za shule na kukata mapazia.

Ungesema mambo yameishia kaburini. Nami nilisema hivyo. Lakini zile picha zilizopigwa kwa simu zilikuwa zimeshatoka, zimetumwa huku na kule, na mtu akiifuta moja hapa, nyingine iko kule. Wasichana wakaanza kuja kibandani. Wanatoka mjini, wanatoka vijijini, hata wa Namanyere wamekuja. Wananinyooshea simu: "Dada, naomba unishonee kama hili." Nawakalisha, nawasimulia kama ninavyokusimulia wewe, sifichi kitu. Wananisikiliza mpaka mwisho. Wanasema pole sana. Wengine machozi yanawatoka kweli. Halafu wanauliza: "Sasa hiyo satini inapatikana wapi?"

Nikikataa wanakwenda kwa mafundi wengine, na mafundi wengine hawakatai. Nilijipa moyo kwamba nakala ni nakala tu, kitambaa kipya, uzi mpya, laana itatoka wapi? Mpaka Jumamosi moja nikaalikwa kwenye ndoa. Bibi harusi akaingia kanisani na lile gauni, lile lile kasoro umri. Watu waligeuka wote. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Jamani, limemkaa!" Na kweli lilimkaa. Nilimjua yule binti, alikuwa mnene, mwenye furaha. Alipopita karibu na benchi langu nilitazama mikono yake iliyoshika maua.

Nilitoka nje kabla ya kiapo.

Basi nakuonya. Ukilikuta gauni la namna ile, liwe kuukuu au liwe limeigwa, usiseme unalijaribu tu, usisimame nalo mbele ya kioo hata kidogo. Ondoka. Mwenzako akilivaa, usimsifie. Lakini kwa nini najichosha? Mama yule alisema kweli, halilazimishi mtu, na mtu asiyelazimishwa unamwokoaje? Hata wewe, nimekusimulia kifo cha mdogo wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, umekaa kimya muda wote, na neno lako la kwanza ni kuniuliza kama picha bado ninayo.

Ninayo. Sikuonyeshi.