Mzee wa Koboko na Chenga za Kivulini

Mapema miaka ya tisini nilikuwa na studio ya picha mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda: chumba cha mbele cha kupigia watu picha, na cha nyuma chenye giza cha kusafishia filamu. Nilipiga arusi nyingi, lakini ile ya mji wa Koboko, karibu na mpaka, ndiyo iliyonitia adabu.

Flashi yangu iligoma siku hiyo. Nikawapanga maharusi na ndugu zao mbele ya nyumba, juani, nikajiambia mwanga wa Mungu unatosha. Uliwatosha wote isipokuwa baba wa bibi arusi. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mweusi wa kung'aa, ndani ya suti nyeusi, na akachagua kusimama mlangoni, kivulini. Nilimwomba asogee.

"Mimi mukubwa ya nyumba," akasema. "Mukubwa nasimama mulangoni."

Basi filamu haikumshika vizuri. Nilipochapisha, wenzake walitoka safi. Yeye alitoka wa kijivu, amejaa chenga kuanzia kipara hadi viatu.

Alikuja Arua na mkewe kuchukua picha. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaileta karibu na pua, kisha akanigeukia.

"Mama, hii nini? Umenimwagia simsim?"

"Si ufuta, ni kivuli, Mzee. Mwanga ukiwa haba, filamu inatoa chenga."

"Bibi arusi hapana na simsim. Mbuzi ile nyuma hapana na simsim. Mimi tu?"

Nikawaomba wasubiri, nikajifungia chumba cha giza. Dawa pekee niliyoijua ilikuwa kuongeza mwanga wa mashine ya kuchapishia pale penye kivuli, maana karatasi ya picha ikipata mwanga zaidi ndipo inazidi kuwa nyeusi, ili weusi uwe mweusi kabisa na chenga zizame. Zilizama kweli. Naye akazama nazo. Mlangoni yalibaki meno na ukosi wa shati.

Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Sasa ndiyo yeye! Siku ya kuchimba choo iko hivi hivi. Tunatafuta, hapana mutu!"

Mzee hakucheka. "Mimi nimepigana vita, risasi hapana nipata. Wewe unaniua na karatasi?"

Niliomba wiki moja, uso umenishuka. Niliwahi kusikia kwamba mwanga ukipita kwenye nailoni nyepesi, picha hulainika. Jirani yangu, muuguzi, alikuwa na soksi ndefu za nailoni za kuendea kanisani. Nikamwomba moja.

"Moja? Na mguu wa pili niuvalishe nini Jumapili?"

Alinipa zote mbili kwa hasira. Nikachapisha wale wengine kwanza, nimemkinga mzee kwa kipande cha kadi. Kisha nikawakinga wao, nikavuta soksi chini ya lenzi ya mashine, nikampa yeye mwanga wake peke yake. Niliharibu karatasi nyingi, lakini mwishowe chenga ziliyeyuka. Makunyanzi nayo yaliyeyuka, pamoja na kovu la shavuni. Mlangoni alisimama kijana wa miaka thelathini.

Mkewe aliinamia picha. "Huyu nani? Iko na bibi?"

"Ni mimi!" mzee akasema, ameanza kunyoosha mgongo.

Hapo hapo akaagiza picha ndogo za kitambulisho, kwa soksi ile ile. Nilimwonya. Akasema mukubwa haonywi.

Alikuwa na kawaida ya kuvuka mpaka pale Oraba kwenda mji wa Kaya, upande wa Sudan, kuuza maharage. Safari iliyofuata, ofisa wa mpakani aliitazama picha mpya, akamtazama yeye, akairudia picha.

"Mzee, hii ya mutoto yako. Lete yako."

Aliapa, akavua kofia, akageuka ubavu. Wapi! Walimrudisha na magunia yake.

Alipokuja kunieleza nilimwambia nitamchapishia nyingine sasa hivi, bila soksi, yenye sura yake. Aliitazama ile ya soksi, akajishika shavu lenye kovu, akairudisha mfukoni.

"Hapana," akasema. "Kaya iko mbali."

Tangu hapo mkewe ndiye aliyevuka na magunia, na picha yake ya kawaida, akawa anauza vizuri kuliko mumewe alivyowahi kuuza.