Mto Uliokuja Bila Mvua

Mwezi jana nilirudi kijijini kwetu Korbesa kwa harusi ya binamu yangu, nikavuka mto nikiwa na ndara miguuni na sikulowa hata kidole. Mchanga mtupu. Watoto walikuwa wanacheza mpira katikati yake, na hakuna mtu aliyewaita watoke.

Sisi tulikuwa tunaitwa. Ungekuwa umeinamia kisima tulichochimba mchangani, unateka maji kwa kikombe, jua linachoma, juu hakuna hata wingu, halafu unasikia nyanya akipiga ukelele: "Tokeni! Unakuja!" Kwanza ilifika harufu ya udongo na majani yaliyooza. Kisha mngurumo. Kisha maji yenyewe, rangi ya chai, yakisukuma vijiti, povu na mavi ya mbuzi. Na sisi hatukuwa tumeona tone la mvua.

Nyanya alisema mto una huruma, huja kuangalia kama bado tuko hai. Mwalimu wetu wa sayansi, Mmeru aliyezoea kupitia kwetu kunywa chai ya maziwa ya ngamia, hakukubali.

"Nyanya, mvua imenyesha huko mlimani. Maji yanafuata mteremko tu."

"Na huo mteremko, nani aliuelekeza kwetu?"

"Hilo sijui. Lakini mto haujui kama huku kuna watu."

"Umewahi kuuliza?"

Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagika. Walibishana hivyo miaka mingi, na kikombe cha mwalimu pale kwetu hakuna mwingine aliyekigusa.

Mwishowe aliahidi kumwonyesha mlima. Likizo moja tukapanda lori la mbuzi hadi Isiolo, tukafikia kwa shangazi, mtaa wa Bulla Pesa. Kila asubuhi nyanya aliketi nje akitazama kusini, na kila asubuhi mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Mwalimu alimweleza jinsi mvuke unavyopanda ukakutana na baridi, sauti yake ikizidi kuwa ya chini, kama mwenyeji ambaye chakula kimemuungulia. Nyanya alimpa pole. Lori liliporudi, tulirudi nalo, nyanya hajauona mlima.

Baadaye mwalimu akahamishwa, kisha ukaja ukame. Ng'ombe walikufa, nyanya akaugua, na mwaka ule mto haukuja. Tulimzika kwenye vumbi. Mwalimu alipata habari amechelewa, akasafiri mbali kufika, akasimama kaburini ameshika kofia.

"Siku zote nilitaka kumshinda," akaniambia. "Mwaka huu ningefurahi kama yeye ndiye angekuwa amesema kweli."

Leo najua habari za pampu zinazovuta maji huko juu, za misitu iliyokatwa, za theluji inayopungua mlimani. Maelezo yote ni ya kweli, nayakubali. Ila nikiyasikia natamani kumsikia mtu akiulaumu mto, kama unavyomlaumu ndugu aliyeacha kutembelea watu wake.