Lori Jipya na Njia ya Zahanati

Dereva wetu mkongwe tulimwita Taratibu, na jina hilo lilimkaa. Mimi ndiye fundi wa gereji ya kampuni. Nimelala chini ya magari yake miaka kumi na mitatu na sijawahi kuona springi aliyoivunja kwa pupa. Mkewe alifariki zamani, na watoto hawakujaliwa. Sebuleni kwake kuna kiti kimoja. Siku niliyomtembelea nilikalia ndoo.

Siku yake ilikuwa Alhamisi. Alipeleka dawa kwenye zahanati ya mlimani, mwendo wa saa tatu za mashimo, matope na kijito kisicho na daraja. Huko juu kulikuwa na muuguzi mmoja, mama mtu mzima mwenye maneno mengi, aliyemwekea chakula na kumsema kwa kukonda. Walikaa saa nzima wakipiga soga, kisha Taratibu akageuza gari. Wiki nzima hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye hivyo.

Ndipo yakaja malori madogo mapya ya dizeli. Muuzaji, viatu vinang'aa, alizungusha moja nyuma ya gereji, tena tupu, akasema hili linakwenda popote. Taratibu hakubishana naye. Alilipakia magunia ya mchanga mpaka uzito kamili, akalala kifudifudi, akapima kwa mkono kutoka ardhini hadi chini ya injini, kwenye sampu, lile bakuli la oili. Lilipokuwa tupu alikuwa amepata shubiri moja na vidole vinne. Sasa shubiri yenyewe haikutimia, na nguvu yote ya injini ilikwenda magurudumu ya nyuma tu.

Bosi alimpa fomu aende nalo zahanati, akirudi atie alama: linafaa au halifai. Lori la zamani lilikuwa limeshauzwa. Jipya likishindwa, njia ile inafungwa, na zahanati itatuma pikipiki kuchukua dawa mwisho wa lami. Kila mtu gereji alilijua hilo, na Taratibu alilijua kuliko sisi.

Alirudi jioni, matope mpaka magotini. Niliingia chini ya lori na tochi, sikuona hata mkwaruzo. Nikafurahi, nikajua Alhamisi zake zimepona. Kumbe fomu ilikuwa na alama kwenye halifai.

"Si umefika?" bosi alimuuliza.

"Nimefika. Nimeshuka mara kumi na moja kupanga mawe. Mwenzangu asiyejua pa kuyapanga atapasua sampu katikati ya maji, na dawa zimo."

"Basi huko hatuendi tena."

"Sawa, bosi."

Nilimfuata nje nikiwa nimefura. "Wewe mzee una akili kweli? Ungetia alama kule kwingine, ukaendelea kupanga mawe yako. Nani angejua?"

"Na siku nikiumwa, fundi? Atatumwa nani?"

Nilirudi ndani nikaitupa tochi kwenye sanduku la vifaa.

Alhamisi iliyofuata walimpa mzunguko wa mjini, maduka matano, lami tupu. Saa nne asubuhi alikuwa amekwisha rudi. Aliliosha lori, akapanda, akafunga mlango, akaketi mikono kwenye usukani. Saa sita alikuwa bado pale. Saa nane pia. Nilikwenda kumgongea kioo.

"Kazi si imekwisha? Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nangoja jioni," alisema. "Nikienda sasa, siku itanishinda."

Alisogeza begi lake kutoka kiti cha pembeni, akaliweka miguuni. Nilikiona kile kiti alichoniachia. Lakini nilikuwa na gari lingine juu ya jeki na dereva wake anasubiri, nikamwambia tutaonana kesho, nikarudi kazini.