Majivu ya Makala

Nakumbuka, mwanangu, Alhamisi moja ya masika nilipokwenda nyuma ya nyumba yangu, katika kambi ya reli hapa Kamina, nikakuta tumbaku yangu imekuwa njano. Si njano ya kuiva, ile inayoanza chini polepole. Hii ilianza juu, kwenye majani machanga, na kingo zake zimekauka kama mkate ulioungua. Na tumbaku ile, sitii chumvi (labda kijiko kimoja), ilikuwa ndefu hata kunguru walipumzika juu yake wakielekea Bukama.

Haikuwa ya kuvuta mimi. Nilipokwenda Kabondo-Dianda kumposa Ngoie, baba yake aliniambia: "Mali umeleta, njo vizuri. Sasa lete tumbaku ulilima weye mwenyewe. Mukono ya muntu inaonekana mu majani." Basi majani yakifa, na posa yangu inakufa.

Nani ameniharibia? Sikujiuliza mara mbili. Ni jirani yangu Numbi, mtia moto wa gari la moshi! Ana mke na watoto wanne, lakini nilimwona akimchekea Ngoie sokoni. Mara moja tu, nami ilinitosha. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na kijana aliyejua kuandika jana ni hatari kuliko chui. Nikafungua daftari nililoandikia kazi za shamba, nikamwandika na yeye. Numbi amekohoa karibu na ua. Numbi amesalimia kwa heshima kupita kiasi. Mbuzi wake amenitazama. Mkewe akaniletea samaki aliyempika, wa kutoka Mulongo. Nikampa paka, nikamchunguza paka siku mbili. Paka akanenepa. Nikaandika: "Sumu ya polepole."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Nami nikaenda kupekua nguo za jirani.

Nilipanga kumshitaki kwa kapita, msimamizi wa kambi, Jumapili baada ya misa. Wakati ule, mtu akitajwa kuwa anaroga, hakuna aliyengoja ushahidi; jioni vyungu vya mkewe vinakuwa barabarani. Nilijua hivyo. Nikaenda hata hivyo kumtafuta shahidi, Nkambo Mujinga, bibi mjane aliyenipa mbegu na ushauri wa kuilima. Usilicheke jina lake: kwa Kiluba ni la mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni, si la mpumbavu.

Akaja, akatazama majani.

"Nkambo, Numbi njo ananiloga. Iko yote humu mu daftari."

"Soma basi. Si uko na masomo?"

Nikasoma kwa sauti ya padri. "Jumatatu, nimemwaga debe mbili za majivu ya makala. Numbi amenisaidia kubeba, kwa nini? Alhamisi, majani ya juu yamebadilika rangi. Ijumaa, nimeongeza debe tatu. Jumamosi, yameungua..."

"Ngoja. Majivu ya nini?"

"Ya makala. Weye njo uliniambia."

"Makala gani?"

"Ile ya mawe, Nkambo. Ya mashini."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yoo! Minyi nilisema makala ya mbabula! Ya kupikia! Konzi moja tu! Weye unalisha tumbaku chakula ya gari la moshi. Unangoja ipige honi?"

Kwetu, mwanangu, makaa yote ni neno moja: ya mti uliochomwa ni makala, ya jiwe ni makala. Ukiambiwa, lazima uulize. Mimi sikuuliza.

"Muntu anakuona unachota majivu ya ile nyoka ya reli," akasema bibi, "unamuandika yeye mulozi. Jina yangu Mujinga, lakini leo tubadilishane."

Wakati huohuo Numbi alikuwa anarudi kutoka misa. Bibi akamwita. Kisha akanigeukia: "Musomee na yeye. Yote."

Nilisoma. Kwenye mbuzi alicheka mpaka akaegemea ua. Kwenye samaki akaacha kucheka.

"Muke yangu alikupikia," akasema taratibu. "Ukamupa paka?"

Nikafunga daftari. 

Akaingia kwake. Nikasema basi, ujirani umekwisha. Akatoka na majembe mawili, akanitupia moja. Tukachimbua udongo wenye majivu, tukajaza udongo mwingine na mavi ya mbuzi yule yule niliyemshuku. Ikapona miche sita. Baba yake Ngoie alivuta, akakohoa, akasema, "Mukono yako inaogopa-ogopa, lakini moto inashika." Aliyesimama upande wangu siku ya ndoa ni Numbi.

Basi sikia, mwanangu. Jani la chini likigeuka njano kabla ya kuiva, udongo una njaa, ulishe. Likianza la juu na kingo zikaungua, jiulize umemwaga nini. Likiwa na matundu, geuza jani, mdudu yuko chini yake. Na jambo likiharibika nyumbani kwako, soma kwanza mistari ya daftari uliyoandika kuhusu mikono yako mwenyewe, ndipo utaje jina la mtu. Jina la mtu ukilichoma, hakuna mavi ya mbuzi yatakayolirudisha.

Mungu akupe udongo mweusi, na jirani mwenye majembe mawili. Na samaki wake, mwanangu, umle.