Mkonge wa Babu

Barabara ya kutoka Kitui kwenda Kibwezi hadi pwani ilipopanuliwa, mpimaji wa barabara alichora X nyekundu, alama ya kubomolewa, kwenye kibanda cha mama cha maembe. Niliandika barua ya malalamiko mara sita, nikaichana kila mara kwa kuhofia hata maneno ya salamu ya kuianzia.

Mpimaji aliporudi, nilisimama kwenye safu ya mkonge aliyopanda babu kuonyesha mpaka wetu.

"Barabara inaishia hapa," nilisema.

"Kijana, wewe ni mpimaji?"

"Hapana, nilisomea historia. Mkonge huu ni mzee kuliko lami."

Mama akapaza sauti kibandani: "Mwambie apime tena!"

Alipima. Kibanda kilikuwa upande wetu wa mpaka. Ile X niliikwangua mwenyewe, malori ya Mombasa yakinipigia honi.